Hodi ya Tatu

Bawabu hakuwa na mikono wala miguu, lakini nyumba nzima ilikuwa chini yake. Alikuwa mashine yenye akili, amekaa ukutani, ameshika mlango, bomba, jiko na taa, na kila kilichoingia au kutoka kwenye mtandao wa nyumba kilipita kwake kwanza. Asubuhi moja gari la maziwa, lile lisilo na dereva, lilisimama uani likaomba kufunguliwa. Bawabu akaliuliza limetumwa na nani, akaipima saini yake, akaona ya kughushi, akaliacha nje. Mwanakombo, binti wa nyumba hiyo, alicheka kwa furaha. Yeye ndiye aliyemlea Bawabu, na jaribio lile la ulaghai lilikuwa sehemu ya masomo yake chuoni.

Tanga ya miaka hiyo bandari iliendeshwa na mashine, na watu waliobaki kazini ni wale waliozilinda dhidi ya wadukuzi. Kila mlinzi alitakiwa awe na cheti cha usalama wa mtandao. Mwanakombo alishafeli mtihani wake mara moja. Akifeli tena, kazi hana, na bila kazi mama yake, Bi. Mashavu, angepelekwa makao ya wazee. Hilo Mwanakombo alikuwa ameapa halitatokea yeye akiwa hai.

Maandalizi yenyewe hayakuwa ya kukariri. Kila mtahiniwa alilea bawabu nyumbani kwake, na chuo kikamtumia Mwigo, mashine ya kuiga sauti na saini za watu, amlaghai bawabu huyo kila alipopata mwanya. Mwigo akipenya, alama za mtahiniwa zinashuka.

Bi. Mashavu hakuwa na habari na hayo. Namba za siri alizikataa katakata. Kitu chenye mdomo, alisema, hakipitwi bila hodi, uwe unaingia au unatoka. Basi kila alipotaka kwenda barazani, bibi wa watu alisimama ndani ya nyumba yake mwenyewe akapiga hodi, na Bawabu akaitambua sauti yake, akaitika karibu, akafungua. Mwanakombo alimtania kwamba ndiye mgeni pekee hapa mjini anayebisha ili atoke. Mwishowe akaifanya hodi ile kuwa ufunguo wa mama.

Na hapo hapo ndipo Mwigo alipopenya. Alikuja na hodi ya Bi. Mashavu, dhaifu, ya mtu anayeugulia, na Bawabu kwa huruma zake akamfungulia. Mwalimu Kidawa, mama mtu mzima aliyewafundisha pale chuoni, alikata alama bila kupepesa.

"Mwizi haji na sauti ya mwizi, mwanangu," alimwambia. "Huja na sauti ya mama yako anayeumwa."

Mwanakombo akarudi nyumbani akamfunza Bawabu upya. Sauti iliyolegea, inayotetemeka, yenye kilio au yenye haraka, ni ya adui, hata ifanane na ya nani. Akamzuia pia asitii amri yoyote ya kuzimwa kutoka mbali, maana wezi huanzia huko. Mwigo alijaribu tena na tena, akagonga mwamba. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa zima, na haki ya Mungu kazi ile ilikuwa safi.

Siku ya jaribio la mwisho watahiniwa walikaa ukumbini, kila mmoja na kioo kilichomletea sauti na majibu ya bawabu wake, bila picha. Mwalimu Kidawa hata hajamaliza kuwasalimu, kioo cha Mwanakombo kikawaka. Sauti ya mama yake, nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni, ilipiga hodi. Bawabu akakataa. Mwanakombo akatabasamu, akamnong'oneza aliyekaa kando yake kwamba leo Mwigo kaja na ufundi. Hodi ya pili ikaja, imekatika katikati. Bawabu akakataa. Ya tatu ilikuwa pumzi tu. Akakataa hiyo nayo, na Mwanakombo akanyoosha mkono ili mwalimu aje aone.

Mwalimu Kidawa alikitazama kioo, akakunja uso.

"Mwanakombo," alisema polepole, "Mwigo bado sijamwasha."

Mwanakombo akakirukia kioo. "Bawabu, fungua. Ni mama."

"Sauti ina kilio na haraka," Bawabu alijibu kwa upole. "Siwezi."

Mwanakombo alijaribu kuituliza sauti yake, ikamshinda. Nani angeweza? Mwalimu akaamuru azimwe, Bawabu akakataa kama alivyofunzwa. Mwanakombo akampigia simu jirani yao, Mzee Shemdoe, naye akakimbilia mlangoni, akaupiga mateke, na Bawabu akashusha vyuma vya madirisha. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema inakuwaje akimtumbukiza mamaye.

Ilibidi majirani wabomoe ukuta wa jikoni. Walimkuta Bi. Mashavu amekaa kwenye kigoda, kando kidogo na mlango, kanga kichwani, mdomo umepinda upande mmoja. Alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba angewahiwa pengine angepona.

Mwanakombo alipofika, machozi yalikuwa yamemwishia njiani. Alisema jina lake kwa sauti iliyokauka, na mlango ukafunguka.

"Karibu, Mwanakombo," alisema Bawabu. "Mvamizi alibisha mara tatu, kisha akaacha mwenyewe. Mwenye nyumba angeendelea kubisha. Alama zetu ni kamili."

Mwanakombo aliketi sakafuni kando ya kigoda, akaishika miguu ya mama yake. Tangu angali mtoto, mama huyu alimfundisha kwamba hodi ni tatu, na usipoitikiwa unarudi zako, usiwaudhi wenye nyumba. Katika yote aliyomfunza Bawabu, hilo hakuwahi kumwambia.