Namba Tasa ya Lango la Mabwawa

Kigawio kilisoma idadi ya watu waliokimbia ukame wa mwaka huu hadi nje ya Jiji la Mabwawa: 294,409. Mashine hiyo, ndefu kama mnara wa simu, ilikuwa na kazi moja tu: kuwapanga watu katika kambi zenye idadi sawa, asibaki hata mmoja. Taa ikawaka nyekundu. Namba tasa, ikatangaza. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Sheria ilijulikana: jina moja hufutwa. Likafutwa la Havijawa Mbonde. Wengine wakaanza kuingizwa ndani.

Dada yake, Sikudhani, aliyekwisha kupita langoni, akamfuata Injinia Lubuva, msimamizi wa mashine, akiwa na kipande cha boksi alichokiandika kwa mkaa.

"Inagawanyika. Kambi thelathini na saba, kila moja watu 7,957."

"Mama, Kigawio hakikosei."

"Nimepikia shughuli miaka thelathini. Niambie idadi ya wageni, nakupa idadi ya masinia kabla mchele haujaoshwa. Na akizidi mtu tunamsogezea nafasi, hatumfukuzi. Haya, msomi, gawa!"

Lubuva akaeleza kwa ule upole wa kukuona mjinga. Kigawio hakijaribu vigawanyo kimoja kimoja. Huchukua namba ndogo, huizidisha kwa yenyewe mpaka itumike mara 294,409, kisha hugawa jibu kwa namba kubwa. Ikibaki ile ile ndogo, namba kubwa huhesabiwa tasa.

"Tumejaribu namba ndogo mia moja. Zote zimekubali."

"Zimekubali uongo. Gawa."

Akagawa kwa kalamu. Hakikubaki kitu. Akarudia.

"Zipo," akanong'ona. "Namba chache mno hufaulu mtihani huu na wala si tasa. Kipimo chenyewe kiliundwa kwa ajili ya namba zenye tarakimu mia."

"Yetu ina sita! Mkaa ungetosha, ila mkaa hauzinduliwi kwa kukatiwa utepe. Mwaka juzi mlimwacha nje Mzee Chambuso, mkasema tasa. Mwaka jana mjane wa Kitwana, tasa. Hao mliwagawa kwa kalamu?"

Lubuva akainamia meza. "Nitaandika ripoti. Mwakani..."

"Lango bado liko wazi, mwanangu. Mpaka mwakani anakunywa nini?"

"Hesabu ikishasomwa hairudiwi, mama. Si mimi niliyeiweka sheria."

"Hamna aliyeiweka. Kila mwaka namuuliza huyo mtu, kila mwaka hayupo."

Akakimbilia langoni, akipunga boksi lake juu ya vichwa. "Inagawanyika! Thelathini na saba! Semeni nanyi, jamani!"

Foleni ya maji ikageuka. "Mama, usituharibie," mwanamume mmoja akamwambia, amekumbatia ndoo. "Sisi tumeshapita."

"Havijawa!" Sikudhani akaita.

Kule nje, katika jua la saa saba, mdogo wake aliona mkono unapungwa, akasikia jina lake. Akacheka. Akajitwika mzigo wake, akaanza kuja haraka haraka, na lango likaanza kufungwa.