Ishara Isiyozuilika

Mara ya kwanza Felista alidhani ni Athanas. Saa nane mchana programu yake ya kupiga hesabu za mvua ilikatika, kama vile mtu ameipelekea ishara ya kuacha kazi.

"Athanas, umegusa kibodi?"

"Sijaigusa, dada. Nilikuwa nafunga dirisha."

Mwaka huo wa themanini na nne ofisi yao ya hali ya hewa ya Mafiga ilikuwa na kompyuta moja. Felista aliandika programu, Athanas akaitunza mashine. Masika yalikuwa yamekolea, na vijiji vya Mgeta vilisubiri kuambiwa kama vihame kabla mlima haujaporomoka.

Kesho yake ikakatika tena, saa ile ile, chumba kikanuka udi. Siku ya tatu vitufe vikabonyea vyenyewe.

Felista akaongeza amri ya kuzuia ishara zote za kusimamisha kazi. Ishara iliyozuiwa haipotei. Hungoja mpaka kizuizi kiondolewe. Siku tatu hesabu zikaenda, lakini kila saa nane kitu kilihema nyuma ya mashine.

Hatimaye hesabu zikakamilika, ikabaki kuondoa kizuizi ili programu ifunge kazi na kutoa majibu.

"Usikiondoe, dada," Athanas alinong'ona. "Kinangoja."

"Watu wa Mgeta nao wanangoja."

Akaondoa. Majibu yote yakafutika, na Athanas, aliyekuwa akinyoosha mkono kumzuia, akaganda palepale, macho wazi, kifua kimetulia, huku Felista akimtikisa na kumwita na kumpiga makofi mpaka dakika nzima ikapita ndipo akavuta pumzi.

Tangu hapo akawa anaganda kila siku saa nane, kila siku kwa muda mrefu zaidi.

Bi Mwajuma, mganga wa Mkuyuni, akaletwa. Alifukiza, akasoma, akauliza, "Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Midomo ya Athanas ikajibu kwa sauti isiyo yake: "Zuieni mtakazo. Moja hamuiwezi."

Felista aliyajua maneno hayo. Kitabu cha mashine kilisema hivyo hivyo: ishara ya kuua haizuiwi na programu yoyote.

Bi Mwajuma akakusanya vitu vyake. "Huyu simuwezi, mwanangu."

"Bibi, usituache!"

Akaondoka.

Felista akaing'oa mashine kwenye umeme. Kesho yake alikaa nyumbani kwa Athanas, yeye na Anastasia, mke wa Athanas, wakiitazama saa. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Athanas akacheka, akaomba chai.

"Mungu mkubwa," Anastasia akasema, akimmiminia.

Felista alipomgeukia, kikombe kilikuwa midomoni mwa Athanas, na chai ya moto ikimchuruzika kifuani, wala hashtuki.

Dakika ikapita. Ya pili. Hakuvuta tena pumzi.