Aliyeitika Ufukweni

Chai ilikuwa na chumvi. Jean-Pierre aliionja, akaitema kwenye sahani, akamgeukia mkewe.

"Mbambu, nani alipika hii chai?"

"Chancelle."

"Aliweka chumvi pafasi ya sukari?"

Mbambu naye akaonja. Haikuwa chumvi ya jikoni. Ilikuwa chungu, nzito, yenye harufu ya samaki, na ladha hiyo aliijua vizuri, kwa sababu alikuwa ameimeza siku chache tu zilizopita katika bahari ya Thailand. Akakisukuma kikombe kando. Hapa Bunia, mji wa Kongo ulio mbali na bahari yoyote, mtaani Nyakasanza, maji yao yalitoka kwenye bomba la jirani.

Yeye na mdogo wake Chancelle walikuwa wamekwenda Bangkok kununua nguo za duka lao. Walipomaliza kazi, wikendi nzima ilibaki kabla ya ndege. Chancelle akamsihi dada yake mkubwa.

"Yaya, twende kwa bahari, ata mara moja. Kila safari siye tunafunga mizigo tu, tunarudi. Bengine banakuyaka huku kufurahi."

Wakapanda basi, kisha boti, wakafika kisiwa cha mchanga mweupe kilichojaa watalii. Mwisho wa ufuko palikuwa na mti uliofungwa vitambaa vya rangi na mashada ya maua, na mbele yake hakuogelea mtu. Mwanamke mmoja muuza matunda aliwapungia mikono: hapana, hapana. Chancelle akacheka, akaingia majini na fulana yake ya korali, ile kwaya ya parokia. Wimbi likamfunika. Mbambu alipiga kelele, akaita jina la mdogo wake mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo Chancelle akatokea upande wa pili wa mawe ya ufukweni, akitembea polepole, akitabasamu. Hakukohoa hata kidogo. Mwili wake ulikuwa baridi kama samaki wa barafu, lakini Mbambu alimkumbatia, akamshukuru Mungu, wala hakuuliza kitu.

Tangu warudi, mashuka ya Chancelle yalijaa mchanga. Chumba chake kilinuka majani yaliyoozea majini. Mchana, pikipiki zikipungua barabarani, mvumo ulisikika nyuma ya mlango wake, wa kitu kizito kinachokuja na kurudi. Msichana huyu, aliyekuwa akiimba hata akifua, hakuimba tena. Alikaa uani akimtazama Gracia, binti mdogo wa Mbambu, bila kupepesa macho.

Baada ya chai ile, Gracia alimvuta mama yake sketi, akanong'ona.

"Mama, mama mudogo hapumuaka."

"Unasema nini?"

"Nililala kwa kifua yake. Mule ndani iko kimya."

Mbambu aliusukuma mlango wa chumba. Chancelle alikuwa amelala chali, jua la alasiri likimwangukia usoni, na Mbambu akasimama pale akikitazama kifua cha mdogo wake, akingoja kiinuke, akingoja tu kiinuke kidogo, huku jasho likimtiririka mgongoni na ule uvundo ukimwingia puani mpaka kooni, na kifua hakikupanda.

Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa Moïse, Mkongomani anayeishi Bangkok na kuwasaidia wafanyabiashara kutuma mizigo.

"Mbambu, jikaze. Polisi ya kile kisiwa balinitafuta. Bahari ilitupa maiti ya mwanamuke. Uso imeharibika, lakini fulana yake iko na maandishi ya korali, na jina ya Bunia. Balinitumia foto. Dada, ni Chancelle."

"Chancelle iko huku," Mbambu alisema. "Iko analala mbele yangu."

Moïse akapunguza sauti.

"Toka mu hiyo chumba," alisema. "Toka sasa hivi."

Macho ya aliyelala yalikuwa wazi.

"Usinichukie," kikasema kile kitu kwa midomo ya Chancelle. "Weye njo uliita jina yake kule kwa bahari. Yeye alishindwa kuitika. Miye nikaitika." Kikageuza kichwa taratibu, kikamtazama Gracia mlangoni. "Na huyu mutoto nitamufundisha kuogelea."

Mbambu alimnyakua mtoto, akakimbia hadi uani akipiga mayowe. Jean-Pierre akaja mbio, akauvuta mlango wa chumba aufunge, lakini mkono ukapenya kutoka ndani, ukamshika kifundo cha mkono, na alipojinasua ngozi yake ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama ya mtu aliyelowekwa majini siku nyingi.

Majirani wakamwita Mama Hélène, mwanamke wa Irumu anayeongoza kikundi cha maombi na anayejulikana kwa kufukuza pepo. Alisimama uani, akavuta pumzi puani, akamwuliza Mbambu.

"Dada yako iko wapi?"

"Iko ndani, mama..."

"Nimekuuliza, dada yako iko wapi?"

Mbambu akautazama mlango wa nyumba.

"Unasikia? Ile kitu inaishi mu jina yake. Kila mara unaiita Chancelle, unaipa chakula. Leo hii unaweka matanga, mbele ya macho yake. Useme na kinywa yako kama dada yako alikufa."

Mikeka ikatandikwa. Wanawake wakakaa chini, wakaanza wimbo wa msiba. Mlango wa nyumba ukafunguka, na aliyetoka alikuwa Chancelle, Chancelle mwenyewe, machozi mashavuni.

"Yaya, ni miye. Unanizika muzima? Ile siku ya vita ulinibeba mugongo mupaka tukafika kwa kambi. Hukunitupa. Juu ya nini unanitupa leo?"

Mbambu akajikuta ananyanyuka. Mama Hélène akamkamata mkono, akaubana.

"Mukalishe chini huyu. Imbeni!"

Mbambu alilia. Kisha akamtazama usoni yule aliyesimama mlangoni.

"Dada yangu alikufa. Alikufa mu maji na miye nikiangalia. Weye sikujui."

Machozi ya yule kiumbe yakakatika mara moja. Akawatazama wote kwa chuki, mmoja baada ya mwingine, na kinywa chake kikafunguka, kikazidi kufunguka kuliko kinywa cha mtu kinavyoweza, maji yakaanza kutoka humo, ya kijani, ya chumvi, yakitoka pia machoni na chini ya kucha, na kadiri yalivyomwagika ndivyo uso wa Chancelle ulivyolegea na kuteleza kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba, mpaka hapakubaki mtu, palibaki maji tu yakipita kati ya mikeka na miguu ya wanawake waliokuwa wakipiga kelele, yakatoka getini na kunywewa na vumbi jekundu la barabara.

"Mu hii nyumba," Mama Hélène alisema akihema, "mutu asiite tena hiyo jina."

Hapo ndipo msiba wenyewe ulipomfikia Mbambu. Alilia kwa ajili ya mdogo wake ambaye hakuwa amemlilia bado, huku Gracia amelala mapajani, anapumua vizuri. Jioni Jean-Pierre akamkumbusha kwamba mama yake mzazi, aliyeko mji wa Butembo, hajui lolote. Mbambu akapiga simu.

"Mama, ikala chini. Mutoto wako alikufa mu maji, kule tulienda."

Mama akalia kama mama yeyote anavyolia.

"Chancelle! Chancelle wangu! Chancelle eeh!"

"Mama, acha kuita jina! Mama, unisikilize!"

Lakini mama aliita tena, na tena. Ghafla akanyamaza. Mbambu akasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya mama ikarudi, imejaa furaha.

"Mbambu, juu ya nini unanidanganya hivi? Mudogo yako huyu hapa kwa mulango. Maskini, ameloana mwili yote." Akaiweka simu pembeni. "Ingia, mwanangu. Ingia."