Programu Imesimama Folda Gani?

Fundi matangi alikuwa amemaliza kuchomelea tangi la zahanati, tangi refu la duara, la kulazwa ubavu. Kilichobaki ni fimbo ya kupimia maji. Alama zake zilikuwa kazi ya mkewe, mwalimu wa hesabu.

Tangi la kulala lina ukaidi wake. Maji yakifika robo ya kimo, hayajawa robo ya tangi. Kwa hiyo Mwalimu aliandika kanuni zake kwenye faili, ili programu ya hesabu imkokotolee. Gari la zahanati lilikuwa linakuja mchana kulichukua tangi. Bila fimbo, wauguzi wa wodi ya wazazi wasingejua maji yamebaki kiasi gani.

Mwalimu akafungua programu, akaita faili. Jibu likaja: faili halipo. Akaita tena. Halipo.

"Kazi yangu yote imepotea," alisema.

Wifi yake, dada wa Fundi, alifundisha kompyuta, na siku hiyo alikuwa amekuja kuwasalimia. Akavuta kiti.

"Wifi, jana ulifanya nini humu?"

"Nilipanga tu. Mafaili ya matangi niliyatia yote kwenye folda moja."

"Basi halijapotea. Programu ikifunguka husimama kwenye folda fulani. Ukiita jina tupu, inatafuta hapo ilipo tu. Haiendi kokote."

"Kumbe mvivu kama kaka yako."

"Nimesikia," Fundi alisema kutoka uani.

Wifi akamwonyesha amri ya kuuliza programu iko wapi. Ilikuwa kwenye folda nyingine kabisa. Akamwonyesha amri ya kuihamishia folda ya matangi.

"Au iache ilipo, uitajie njia nzima: diski, folda, ndipo faili. Ila usianze kazi kabla hujaiuliza iko wapi."

Mwalimu akaihamisha, akaita faili. Kanuni zikashuka kwenye kioo mstari kwa mstari, kisha vipimo vya fimbo: alama zilizoachana chini, zikikaribiana katikati, zikiachana tena juu.

Fundi akazichonga kwenye fimbo. Wakamimina madebe ya maji, wakachovya. Maji yaligusa alama ile ile waliyoitarajia. Fundi akaigeuza fimbo mkononi.

"Miaka yote nakunja mabati haya," alisema, "sikujua yana hesabu hii ndani yake."

Jioni, kule zahanati, muuguzi wa wodi ya wazazi alichovya fimbo, akasoma, akawageukia wenzake.

"Yanatosha mpaka kesho. Mleteni mama ndani."