Kitawi cha Waridi Mfukoni mwa Krantz

Mdomo wa bastola aina ya Beretta ulikuwa umemgusa jasusi Imogen Pascoe ubavuni tangu kwenye daraja la kasri.

"Tabasamu, dada," alinong'ona Dolf, koti la mvua likiuficha mkono wake. "Si tuko matembezini?"

Mbele alitangulia bosi wa Dolf, Krantz, na chupa ya chai. Chini ya chai hiyo ilizama kadi ya kumbukumbu, ndogo kuliko ukucha. Majina kumi na mawili ya majasusi wa Uingereza. Ikipanda ndege, wote marehemu.

La saba lilikuwa la Pascoe.

Njia ya kwenda kwenye mabasi ilikatiza bustani ya waridi. Kuta mita nne. Wazee arobaini wakitalii. Mlango wa kuingilia ulijifunga nyuma yao; wa kutokea mmoja.

Kisikizi kikakwaruza sikioni mwake. "Pascoe, polisi dakika kumi."

Mlango ulikuwa hatua thelathini.

Akajikwaa. Makusudi. Akadaka kichaka kwa mkono mmoja, koti la Krantz kwa mwingine. Alipoinuka, kitawi cha waridi jeupe kilikuwa kinachungulia mfukoni mwa Krantz.

"Bwana Tregear," akamwita mtunza bustani, mzee aliyesimama mlangoni, makasi kiunoni, jina kifuani. "Huyu bwana amekata waridi lako."

Vichwa arobaini vikageuka.

Waingereza unaweza kuwaibia mke wakakusamehe. Kitawi cha waridi, sahau. Na hakuna bibi anayeingia bustanini na mkoba mkubwa bila nia ya kuiba kimoja.

Tregear akafunga mlango. Ufunguo ukazama mfukoni.

"Hatoki mtu. Mikoba wazi."

Mabibi wakapauka. Mmoja akaukalia wake.

"Mzee, basi litaniacha," Krantz akasema.

"Likuache. Lete chupa."

"Chai tu hiyo."

"Wezi wazoefu huficha humohumo, tawi lisikauke. Kazi hii nimeianza wewe unanyonya."

Dolf akatazama kuta. Apige risasi, halafu apitie wapi? Mkono ukalegea.

Kiwiko cha Pascoe kikamkuta kooni. Beretta ikapata mmiliki mpya.

Tregear, asiye na habari, akaipokonya chupa, akamimina. Chai ikamwagika juu ya mawe, kadi ikafuata. Pascoe akaikanyaga.

Polisi waligonga mlango.

"Subirini," Tregear akajibu. "Nimebakiza mikoba kumi na saba."

Wakasubiri.

Krantz na Dolf walipotolewa wakiwa na pingu, Pascoe alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

"Kidole chako kinavuja damu, dada," Tregear akasema.

"Miiba, mzee."

Mzee akakitazama kichaka. Akakitazama kidole.

Akamfungulia.

"Usirudi hapa."

Pascoe akainua kola, akaondoka bila haraka.