Maji ya Dimbwini

Kila alasiri Phanice alipotoka shuleni, alivua sare, akala viazi vilivyobaki, kisha akachukua mtungi wa manjano. Kazi yake ilikuwa moja tu: kunywesha bustani.

Bustani hiyo waliipanga pamoja, yeye na mama yake, Rael, mwezi wa Machi mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya kijiji chao cha Masara. Walifyeka magugu nyuma ya nyumba, wakapima matuta matatu kwa kamba na vijiti, wakachanganya udongo na samadi. Matuta mawili yalikuwa ya sukumawiki, moja la managu, mboga ya kienyeji. Rael alikuwa mjamzito. Nesi alikuwa amemwambia kwamba damu yake imepungua, hivyo ale mboga za majani kila siku.

"Maji niachie mimi, Mama," Phanice alikuwa amesema. "Wewe usiinue kitu kizito."

Lakini mvua ilichelewa. Kisima cha shule kilikuwa mbali na foleni yake haikwisha upesi. Wiki ya kwanza Phanice alikwenda. Wiki ya pili miguu yake ilikata kona karibu na nyumbani, kwenye dimbwi ambamo wachimbaji huosha mchanga wa dhahabu.

"Mboga haijui maji yametoka wapi," alijiambia.

Jioni hiyo Rael alimuuliza, "Leo umerudi mapema. Kisimani hakukuwa na watu?"

"Hakukuwa na watu, Mama."

Uongo huo wa kwanza aliusema kwa shida. Wa pili ulipita bila taabu. Siku zilivyosonga, akawa anausema huku akikimbilia uwanjani kucheza.

Sukuma zilinawiri, majani mapana kama masikio ya ndovu. Jumamosi moja adhuhuri, Rael alichuma kwa mara ya kwanza, akakatakata na kubandika sufuria jikoni. Wakati huo huo Zadock, mhudumu wa afya wa kijiji, alibisha hodi.

"Karibu, daktari," Rael alisema. Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyomwita.

Zadock hakukaa. "Mama Phanice, napita kila boma. Msiguse maji ya dimbwi la wachimbaji. Yana zebaki, ile dawa inayong'aa wanayokamatia dhahabu. Ni sumu. Hudhuru ubongo wa mtoto hata kabla hajazaliwa."

Phanice alimsogelea. "Na yakichemshwa?" aliuliza polepole.

"Kuchemsha hakuiondoi." Zadock aliitazama bustani. "Hizi mnanywesha maji gani?"

"Ya kisima," Rael alijibu kwa fahari. "Binti yangu huyu hubeba kila siku. Au sio, nyathina, mwanangu?"

Wote wawili walimgeukia. Phanice alitazama chini. Akatikisa kichwa kukubali.

Zadock aliaga, akashika njia ya boma la jirani. Rael alipakua ugali, akaweka mboga juu ya sahani. Mvuke ulipanda. Alinawa mikono, akaomba kwa ufupi, akamega tonge na kulichovya.

Phanice aliutazama mkono wa mama ukipanda. Akasema moyoni, labda si mboga zote. Labda kidogo tu hakidhuru. Mkono ulikaribia mdomo.

"Mama, usile!"

Alikuwa ameshaipiga sahani. Mboga zilimwagika sakafuni.

"Una wazimu?" Rael aliruka.

"Ni maji ya dimbwi, Mama! Sikwenda kisimani. Nimekudanganya wiki nne." Alilia mpaka akakosa pumzi.

Rael hakumpiga. Aliweka mkono wake tumboni, na hilo lilimuuma Phanice kuliko fimbo. Kisha akasema, "Kimbia. Mwite Zadock."

Phanice alikimbia. Alimkuta Zadock langoni kwa jirani, akamweleza yote bila kujitetea. Zadock alirudi naye, akauliza kama kuna aliyeonja. Hakuna.

"Basi Mungu mkubwa," alisema. "Ng'oeni kila kitu. Msiwape kuku wala ng'ombe. Msipande tena hapo. Na kesho kutwa mama apimwe zahanati, na wewe pia, maana mikono yako imeshika maji hayo."

Jioni walizing'oa mboga zote na kuzifukia shimoni. Phanice alizika sukuma alizozikuza mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Jumatatu nesi aliwapima wote wawili, akasema hakuona dalili mbaya, ila warudi tena baada ya mwezi. Wiki hiyo hiyo walileta udongo kutoka shamba la mjomba wake, mlimani, wakaujaza katika magunia upande wa pili wa nyumba na kupanda upya. Safari hii Phanice alisimama kwenye foleni ya kisima kila siku, hata wenzake walipomwita uwanjani. Mvua nayo ikafika.

Siku walipokula managu ya kwanza, Phanice alisubiri mama ameze ndipo naye akameza.

"Tamu," Rael alisema. Kisha akamtazama. "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ulipoona dimbwi liko karibu, ulidhani umepunguza safari. Kumbe ulikuwa unaileta sumu mezani kwetu. Kosa ulilifanya, lakini ulilisema kabla sijameza. Siku nyingine, mwanangu, usingoje mpaka tonge lifike mdomoni."

"Sitangoja, Mama," Phanice alisema, akamwongezea mboga.