Folda ya Maneno Matatu

Risasi ya kwanza ilipasua kioo. Ya pili ilimpata mlinzi shingoni.

Tindo aliuruka mwili wake, akaupiga teke mlango wa chumba cha mashine. Saa yake ya Casio mkononi ilisoma saa saba kasoro dakika sita, mchana kweupe, na chini barabarani madereva walikuwa wakipigiana honi kama kawaida.

Suti, bosi wa jengo hilo, alikuwa ameinamia kompyuta, simu sikioni. Huyu ndiye aliyekuwa akivusha bunduki mpakani ndani ya mabomba ya maji.

"Nimejaribu kuituma orodha mara kumi!" alimfokea mnunuzi wake. "Inasema folda haipo, na mimi naiona!"

Fundi wake wa kompyuta angemwonyesha kosa kwa sekunde tatu. Lakini jana, kwa hasira zake za kijinga, Suti alimpiga fundi huyo risasi, na leo amebaki peke yake na mashine asiyoijua.

Akageuka. Tindo akavuta kifyatulio cha bastola yake ya Glock.

Tupu.

Wakavaana. Suti alimbana vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye mlango wa kabati la chuma, vikavunjika. Tindo akamkamata kisogo, akambamiza uso kwenye kibodi. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu meno yalitoka pamoja na vitufe. Suti akachomoa kisu, na kisu kikaishia tumboni mwake mwenyewe.

"Shangazi, nimefika," alisema Tindo.

"Mzima?" Sauti ilitoka kwenye redio ndogo ya sikioni. Idara nzima ya upelelezi ilimwita Shangazi mtaalamu wao wa kompyuta, mama asiye na subira na mtu.

"Nusu."

"Inatosha. Unaona nini?"

Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Folda mbili. Ya kwanza, Mizigo: miaka miwili ya ushahidi, kila bunduki na kila aliyeipokea. Ya pili Suti aliipa jina mwenyewe asubuhi hiyo, kama mtu anayeandika barua: Wasaliti wa Mizigo. Ndani yake majina saba. La nne lilikuwa la dada yake Tindo, karani wa stoo ghorofa ya chini, ambaye ndiye aliyeukusanya ushahidi wote huo kwa siri, ndani ya mashine ya Suti mwenyewe.

Polisi walikuwa wamebakiza dakika nne kufika, na kati yao walikuwamo wanaokula kwa Suti. Wakilisoma jina hilo, dada hafiki jioni.

Kwa mkono mmoja Tindo aliandika amri ya kufuta, kisha jina la folda. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha Enter.

"Nisomee kwanza," alisema Shangazi.

Akamsomea.

"Toa kidole hapo! We mtoto, una akili kweli? Mashine inalikata jina kila penye nafasi. Itatafuta folda tatu. Wasaliti, haipo. Wa, haipo. Mizigo, ipo! Utafuta ushahidi, orodha ibaki pale pale."

Tindo alikuwa ameua watu wanne tangu saa sita bila kusita. Sasa alikiondoa kidole kama aliyegusa moto.

"Nifanyeje?"

"Lifunge jina lote ndani ya alama za nukuu."

Akaitazama kibodi. "Kitufe chake hakipo."

"Kimekwenda wapi?"

"Kiko mdomoni mwa Suti."

Shangazi akaguna. "Ondoa jina uliloandika, weka herufi zake tatu za mwanzo tu, halafu bonyeza Tab. Itamalizia yenyewe."

W, a, s. Tab.

Jina likajaa. Mbele ya kila nafasi mashine ilikuwa imeweka mkwaju ulioinamia kinyume: Wasaliti\ wa\ Mizigo.

"Imeweka vimikwaju."

"Ndivyo vinavyoyashika maneno. Sasa ni jina moja. Futa."

Buti za polisi zilikuwa zikipanda ngazi. Akabonyeza.

Ikabaki Mizigo peke yake.

Alishuka kwa ngazi za nyuma, akapita stoo. Makarani walikuwa wamesimama ukutani, mikono juu, na askari mmoja mbele yao, mgongo wake kwa Tindo. Dada yake alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Kwa miaka miwili hawakuwahi hata kusalimiana, wasije wakajulikana kuwa ni ndugu.

Dada aliviona vile vidole vilivyovunjika, vikivuja damu. Akashusha mkono mmoja taratibu, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akamtupia.

"Funga mkono, kaka. Unatuchafulia sakafu."

Askari hakugeuka hata kidogo, akidhani ni mfanyakazi mwenzao. Stoo ile kila mwanamume aliitwa kaka.

"Asante, dada," alisema Tindo, akatoka zake juani.